Jicho la Wizara ya Kubana Maji

Nchi ninayotaka kuwasimulia ipo, ila msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake mpya imekaa mezani kwa mkurugenzi mmoja miaka kumi na miwili ikisubiri sahihi, na ile ya zamani imepigwa marufuku kwa sababu inaonyesha mito ambayo serikali haikumbuki kuiruhusu. Ni nchi njema, yenye watu wapole na wizara nyingi. Nimeishi humo na sina malalamiko yoyote. Nasimulia tu yaliyotokea.

Katika mji mkuu, juu ya kilima, lipo jengo la ghorofa tisa la Wizara ya Kubana Maji. Chini ya kilima upo mtaa wa Bondeni. Bomba ni moja: linapanda kwanza wizarani, na kinachobaki kinateremka Bondeni. Kwa kawaida kilichobaki kilikuwa upepo. Kila Alhamisi, siku ya mgao, watu wa Bondeni walifungua mabomba yao, yakakohoa kidogo, wakayafunga, wakabeba ndoo kwenda kisimani. Wizara ilikwisha kuwaeleza kwa barua kwamba mgao wao umefika kwa wakati, isipokuwa maji ndiyo yaliyochelewa.

Fundi bomba wa wizara aliitwa Mkwachu. Alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, mwenye tabia moja iliyomchelewesha sana kupanda cheo: akipewa kifaa, alisoma karatasi yake ya maelekezo mpaka mwisho, halafu akafanya kama ilivyosema.

Siku moja alitumwa ghorofa ya tatu, chooni kwa wanaume, kuziba tangi lililovuja juu ya masinki ya haja ndogo. Akiwa bado kwenye ngazi, tangi lilijaa, likajimwaga lote kwenye masinki manne yaliyokuwa chini yake. Chooni hapakuwa na mtu. Akasubiri. Baada ya dakika sita likajaa tena, likajimwaga tena. Akazunguka ghorofa zote tisa na kukuta kila tangi linafanya vivyo hivyo. Ndivyo yalivyofanya tangu jengo lilipozinduliwa, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Akachukua ndoo, akapima, akaandika hesabu ukutani kwa chaki. Zilikuwa karibu lita elfu ishirini na sita kwa siku, zinazoosha masinki ambayo mara nyingi hakuna aliyeyatumia.

Alikuwa bado anaitazama chaki yake alipoingia Bi Siwema na ndoo ya kudekia. Bi Siwema alikuwa msafishaji wa wizara, mama wa makamo, mkazi wa Bondeni. Kila alfajiri alipanga foleni kisimani kupata ndoo mbili za nyumbani kwake, kisha akapanda kilima kuja kusafisha masinki ambayo maji yalikuwa yameyasafisha yenyewe mara kumi kabla hajafika. Akauliza ile chaki ni ya nini. Fundi akamweleza. Bi Siwema akakaa juu ya ndoo yake, akatazama hesabu kwa muda, halafu akauliza kama tangi halina koki.

Fundi akasema koki ipo.

"Basi Ijumaa ukitoka uifunge, Jumatatu uifungue," akasema Bi Siwema. "Nani anakuja kukojoa ofisini Jumamosi?"

Fundi Mkwachu alifikiri. Hakuna karatasi iliyokataza. Ijumaa ile, saa tisa alasiri, akapita ghorofa zote tisa na kufunga koki zote tisa.

Jumamosi asubuhi maji yalitoka Bondeni. Yalitoka mengi, masafi, bila kukohoa, na watu wakashtuka. Wengine walidhani bomba limepasuka. Mzee mmoja alijaza ndoo, kisha akaiweka mlangoni ili mwenye maji akija kuyadai ayakute yote. Wanawake ndio waliotangulia kupona mshtuko. Kufikia saa nne hapakuwa na sufuria tupu mtaa mzima, na kufikia saa sita kila kamba ilikuwa na nguo. Jumapili yakaendelea. Jumatatu asubuhi yakakatika, na mtendaji wa mtaa, ambaye alikuwa mtu mwaminifu, akaandika barua wizarani kueleza kwamba Bondeni imepatwa na maji yasiyo na kibali kwa siku mbili, na wananchi wanaomba kujua kama watachukuliwa hatua.

Barua ile iliangukia kwa Katibu Mkuu, Bwana Lugendo, mtu aliyevaa miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutosomea. Aliunda kamati ya kumtafuta mtu aliyewapa Bondeni maji. Kamati ilikaa siku tisa na kuhoji watumishi sitini. Siku ya kumi Fundi Mkwachu, ambaye hakuna aliyemwita kwa sababu hakuwa na ofisi ya kupelekewa wito, alipita mlangoni na spana yake, akasikia wanachozungumza, akawaambia ni yeye.

Bwana Lugendo alikuwa amekwisha kuandika barua ya kumwachisha kazi, imebaki muhuri, simu ilipopigwa kutoka kwa Waziri. Waziri wa Kubana Maji, Mheshimiwa Mashombo, alitakiwa kuhutubia mkutano mkubwa ng'ambo kuhusu namna nchi yetu ilivyobana maji, na alikuwa amegundua kwamba hana cha kusema. Akauliza kama wizara imewahi kubana maji yoyote, mahali popote, hata kwa bahati mbaya. Bwana Lugendo akaitazama ile barua. Akaichana taratibu, akamjibu Waziri kwamba imewahi kubana lita karibu elfu sabini kwa siku mbili na nusu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mradi wa Kitaifa. Fundi alijaribu kueleza kwamba mradi umekwisha, kwamba ni kufunga koki tu. Waziri alimsikiliza kwa upole, akasema koki haiwezi kuzinduliwa.

Ujumbe wa watu kumi na wanne ulisafiri nchi saba kutazama vyoo. Wawili kati yao walikuwa wanawake, na kwa kuwa walibaki nje ya kila mlango, ndio pekee waliopata nafasi ya kuandika ripoti. Ripoti ilipendekeza kifaa kimoja kidogo, cheusi, kinachokaa ukutani juu ya sinki. Mtu akisimama mbele yake kinamwona kwa mwanga usioonekana. Akimaliza na kwenda zake, kinafungua maji kwa sekunde tatu, kisha kinafunga. Asipokuja mtu, hakimwagi kitu, ila mara moja kwa siku, kwa ajili ya harufu. Kwa jina kiliitwa sensa.

Jina hilo lilileta kasheshe. Idara ya Takwimu iliposikia kwamba Wizara ya Kubana Maji inafunga sensa chooni, ilipinga vikali, ikisema kuhesabu watu ni kazi yake kisheria. Kwa wiki mbili makarani wa Takwimu walisimama chooni ghorofa ya pili wakiwa na madaftari, wakimuuliza kila aliyeingia jina la mkuu wa kaya na kama analala nyumbani hapo. Mwishowe ilikubaliwa kwamba kifaa kibadilishwe jina, kiitwe Jicho.

Majicho thelathini na sita yalifika kwenye maboksi. Ndani ya kila boksi mlikuwa na karatasi ya maelekezo. Karatasi thelathini na tano zilichukuliwa na ofisi ya Katibu Mkuu na kuwekwa kwenye faili la siri. Ya thelathini na sita Fundi Mkwachu aliisoma mpaka mwisho.

Akafanya kazi siku kumi na moja. Aliondoa matangi ya zamani, akaunganisha valvu mpya, akatia betri nne kwenye kila Jicho, na kwa bisibisi ndogo akalirekebisha lione umbali wa hatua moja tu, lisije likamwona anayepita mlangoni. Kisha akamwita Bi Siwema kuangalia. Fundi akasimama mbele ya sinki, akahesabu moja mpaka kumi, akarudi nyuma. Maji yakaja, yakaosha, yakakoma. Ukimya uliofuata haukuwahi kusikika chooni mle. Bi Siwema alisema, baadaye, kwamba ndipo alipojua kuwa miaka yote ile alikuwa akifanya kazi ndani ya kelele ya maji ya mtaani kwake.

Wiki hiyo Bondeni walipata maji siku nne.

Wizarani, hata hivyo, watu hawakuwa na raha. Habari zilienea kwamba Jicho linaona zaidi ya linavyosema. Makarani wakaanza kubana mpaka saa ya kutoka. Mhasibu mmoja alikuwa akiingia, anasimama wima, analiamkia shikamoo, ndipo anaendelea na shughuli yake. Wengine walihamishia beji ya chama kwenye mkanda ili ionekane vizuri. Idara ya Usalama ilitoa waraka wa kuwatoa watumishi hofu, uliosema kwamba idara haina haja ya kuwaona wakiwa chooni kwa kuwa inawaona kwingine kote.

Wakubwa nao walikuwa na lao. Walisikitika kwamba Jicho halijui vyeo. Mkurugenzi alipewa lita mbili sawasawa na tarishi. Bwana Lugendo alimwagiza Fundi alifundishe kutofautisha: lita sita kwa mkurugenzi, nne kwa mkuu wa kitengo, nusu lita kwa wengine. Fundi akajibu kwamba Jicho halioni sura wala suti. Linajua mambo mawili tu, mtu yupo, na mtu ameondoka.

Neno hilo la mwisho lilimfanya Bwana Lugendo afunge mlango. Alimkumbusha Fundi kwamba Rais ndiye atakayezindua mradi, na kwamba ipo Sheria ya Heshima. Kwa wasioijua, sheria ile ilitungwa Rais alipotimiza miaka ishirini madarakani, na sasa alikuwa na thelathini na mmoja. Inakataza neno kuondoka, pamoja na ndugu zake kutoka, kupisha, kung'atuka na kurudi nyuma, kutumika katika sentensi moja na Mheshimiwa Rais. Chama chake kaulimbiu yake ilikuwa Mbele Tu. Hata nyumbani kwake, alipomaliza kula, watumishi walisema chakula kimemwondokea.

Fundi akasema anaelewa, lakini maji hayatakuja mpaka Rais afanye kile kitu. Bwana Lugendo akasema ni lazima yaje, yamo kwenye ratiba. Akamwonyesha. Saa nne kamili, Mheshimiwa Rais anasimama mbele ya sinki. Saa nne na dakika moja, maji yanatoka. Saa nne na dakika mbili, Mheshimiwa Rais anaelekea kwenye vinywaji kwa kusonga mbele.

"Mbele ni ukuta," akasema Fundi.

Bwana Lugendo alisema hilo litaangaliwa na kamati. Fundi akaomba basi aruhusiwe kusimama karibu, kwa kuwa chini ya kila Jicho kipo kitufe kidogo cha dharura, atakibonyeza maji yaje. Akakataliwa. Kwanza, kitu kikibonyezwa hakijiendeshi chenyewe, na Waziri alikwisha kutangaza ng'ambo kwamba kinajiendesha. Pili, ovaroli yake ingeonekana kwenye picha. Siku ya uzinduzi Fundi atakaa juu ya paa kulinda tangi kuu la jengo.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua na bendi. Choo cha ghorofa ya tisa kilitandikwa zulia jekundu mpaka chini ya sinki la tatu, lililochaguliwa kwa kuwa ndilo lililokuwa katikati kidogo kuliko mengine. Walijazana humo mawaziri kumi na saba, mabalozi sita, na mtangazaji wa redio ya taifa aliyekuwa akirusha matangazo ya moja kwa moja nchi nzima. Bi Siwema aliwekwa pembeni, na kitambaa kipya kichwani, kwa ajili ya kufuta tone lolote litakaloanguka bila ratiba.

Waziri Mashombo alihutubia. Alisema kwamba katika historia ya binadamu mataifa makubwa yamejulikana kwa piramidi, kwa kuta na kwa meli, lakini ni taifa moja tu lililothubutu kuitazama haja ndogo machoni. Alisema tone lililobanwa leo ni bahari ya kesho. Walipiga makofi, na mabalozi wakaandika.

Kisha Rais akasogea kwenye zulia, akasimama mbele ya sinki. Alikuwa mzee wa miaka sabini na tisa, mrefu, amevaa suti nyeupe. Hakuwa na haja yoyote. Alisimama tu, mikono nyuma, akilitazama Jicho, nalo likimtazama. Dakika moja ikapita. Maji hayakuja.

Mawaziri wakajifanya kuona labda Jicho limezidiwa na heshima. Wakapiga makofi kulitia moyo. Dakika tano zikapita. Mtangazaji akawaambia wasikilizaji kwa sauti ya chini kwamba Mheshimiwa Rais bado amesimama, tena imara. Kwenye dakika ya kumi, Bwana Lugendo alitoa ishara na bendi ikapiga wimbo wa taifa, jambo lililofanya kila mtu asimame wima na hivyo kumzuia Rais hata kutikisika. Kwenye dakika ya kumi na tano Waziri Mashombo, kwa kuona kimya kinamdai, alirudia hotuba yake yote, safari hii akiongeza mabwawa baada ya meli.

Hakuna aliyekuwa mjinga kiasi cha kutoelewa. Mawaziri wote walikuwa wametumia masinki yale wiki nzima ya mazoezi ya sherehe, walijua vizuri kinachotakiwa. Lakini kila mmoja alipopitia maneno aliyokuwa nayo akilini alikuta yote yamo kwenye sheria. Rais mwenyewe hakuwahi kutumia choo kile, na alikuwa ameambiwa kwamba akisimama maji yatakuja. Naye hakuwa mtu wa kuacha jambo katikati mbele ya redio.

Ilipofika dakika ya arobaini, bendi ikirudia wimbo wa taifa kwa mara ya tatu, Bi Siwema aliona goti la Rais likitetemeka ndani ya ile suruali nyeupe. Lilitetemeka kidogo, likatulia, likaanza tena. Baba yake Bi Siwema alikuwa na goti kama lile miaka yake ya mwisho, na alikuwa na ubishi ule ule wa kukataa kiti. Aliwatazama wakubwa wote mle ndani, akaona kila mmoja anatazama dari. Akaogopa, hilo hakulificha kamwe alipokuwa akisimulia. Alisema miguu yake ilikwenda kwanza, yeye akaifuata.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Hayo maji hayaji mpaka uondoke."

Bendi ilinyamaza ikiwa katikati ya ubeti. Balozi mmoja aliangusha kalamu, na kwa kuwa redio ilikuwa hewani, nchi nzima ilisikia kalamu hiyo ikibiringika.

Rais aligeuza kichwa polepole. "Niondoke?"

"Ndiyo, mzee. Hatua mbili zinatosha. Wote wanafanya hivyo."

Rais akawatazama mawaziri wake, mmoja baada ya mwingine, kumi na saba wote. "Ninyi mlikuwa mnajua?"

Wakasema hawakujua. Waziri Mashombo aliongeza kwamba ndiyo kwanza anasikia, na kwamba utafiti utafanywa.

Mzee yule akarudi nyuma hatua moja, na ya pili, na maji yakaja. Yalishuka sekunde tatu, yakakoma. Akalitazama sinki. Akasogea tena, akasubiri, akarudi nyuma, yakaja tena. Alifanya hivyo mara sita, na mara ya sita alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amechoka kwa muda mrefu. Akasema anataka kukaa. Viti vilikuwa ghorofa ya nane vikisubiri vinywaji. Bi Siwema akapindua ndoo yake, akaipangusa kwa kitambaa kile kipya, na Rais wa nchi akakaa juu yake, akanyoosha goti.

Kabla jua halijazama ile sentensi ilikuwa imefika mipakani. Wauza chai waliisema wakisubiri birika lichemke. Wagonjwa waliwaambia madaktari waliokuwa wakijadiliana juu ya vitanda vyao, wanafunzi wakaimba, na kwenye uwanja wa mpira mashabiki elfu ishirini walimweleza mwamuzi kwamba maji hayaji mpaka aondoke. Hakuna aliyetaja jina la mtu. Lilikuwa jambo la maji tu.

Bi Siwema hakuwepo kuyasikia hayo. Bwana Lugendo alikuwa amemfungia chumba cha mafaili, aandike maelezo. Alikaa mle siku mbili. Fundi Mkwachu alimpelekea chai na maandazi, na siku ya pili akampelekea kitu kingine: ile karatasi ya maelekezo. Wanasheria wa serikali walipokuja kumsomea mashtaka, Bi Siwema aliwapa karatasi na kuwaonyesha ukurasa wa nne, palipoandikwa kwamba maji hayatoki mpaka mtumiaji aondoke. Hakutunga lolote, akasema, alisoma tu, au tuseme alisomewa na Fundi.

Wanasheria wakaingia matatani. Kumshtaki yeye kulimaanisha kuishtaki karatasi, na karatasi ilikuwa na muhuri wa wizara kila ukurasa. Wakiwa bado wanabishana, ulifika ujumbe kutoka Ikulu wa mstari mmoja: Rais anauliza yule mama wa ndoo hajambo. Hapo wote wakagundua kwamba hajambo kabisa. Alitolewa chumba cha mafaili, akaombwa radhi na kila mtu isipokuwa Bwana Lugendo, ambaye alimpongeza. Siku iliyofuata akateuliwa Mkaguzi wa Majicho nchi nzima, Fundi Mkwachu akiwa fundi wake.

Kuhusu sentensi, serikali ilitoa tamko la busara. Ilisema neno kuondoka ni neno la kiufundi, na kuanzia leo linaruhusiwa kutamkwa kwa uhuru na raia yeyote, mradi awe ndani ya choo chenye Jicho, na awe amesimama mbele ya Jicho hilo. Nje ya hapo sheria inabaki palepale.

Sidhani kama serikali ilitarajia kilichofuata. Vyoo vya wizara vilijaa. Watu walitoka mikoa ya mbali, wakapanga foleni ngazi zote tisa, wakaingia, wakasimama, wakalisema neno kwa sauti, wengine mara mbili, wakatoka nyuso zimekunjuka. Kisha wilaya zikaanza kuandika barua zikiomba choo chao chenye Jicho. Vijiji vikafuata. Waziri Mashombo alizisoma barua zile na kuguswa sana. Hakujua kwamba wananchi wanaupenda mradi wake kiasi hicho. Akaagiza vijengwe kila mahali. Na kwa kuwa Jicho halifanyi kazi bila maji, ilibidi mabomba yafukiwe mpaka vijiji ambavyo havikuwahi kuona bomba ila kwenye kalenda.

Ndivyo Bi Siwema na Fundi Mkwachu walivyofika Kisangulo, kijiji kilicho mwisho wa barabara na mbele kidogo. Choo kilikuwa tayari: chumba kimoja cha tofali, sinki moja la haja ndogo, Jicho moja. Fundi alitia betri, akalijaribu, likafanya kazi. Wanaume wa Kisangulo walikuwa wamevaa mashati ya kutokea na wamejipanga kwa umri. Mwenyekiti wa kijiji aliingia wa kwanza na kukaa humo muda mrefu, na sauti yake ilisikika mpaka shuleni.

Wanawake walikuwa wamekaa upande wa pili, kwenye kivuli cha ukuta, na ndoo zao. Kiongozi wao, mama mmoja mwembamba aliyeitwa Semeni, alimfuata Bi Siwema na kumuuliza kama wao nao wanaruhusiwa kuingia kusema neno. Bi Siwema akasema tamko linasema raia yeyote, kwa hiyo wanaruhusiwa, akimaliza mwenyekiti.

Mama Semeni akafikiri. Akasema neno lenyewe wao hulisema kila siku njiani kwenda kisimani, maana ni mwendo wa saa mbili na hakuna wa kuwasikia. Alichotaka kujua ni kingine. "Hayo maji ya kuoshea humo ndani," akauliza, "yamepita wapi?"

Fundi akamwonyesha. Bomba lilitoka ardhini, likapanda nyuma ya ukuta uleule waliokuwa wameuegemea, unene wa tofali moja kutoka mgongoni kwao. Mama Semeni aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. Akauliza ni kazi ya muda gani kutoa bomba lingine dogo upande huu, lenye koki.

Fundi alisema ni kazi ya saa moja. Lakini alikuwa na ramani ya ujenzi mkononi, aliisoma mpaka mwisho kama kawaida yake, na haikuwa na koki upande huo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alibaki ameishika karatasi bila kujua afanye nini. Akamtazama Mkaguzi wa Majicho.

Bi Siwema alitazama ndoo. Zilikuwa thelathini na kitu, zimepangwa kwa mstari.

"Toboa," akasema.

Akatoboa. Alasiri ile ndoo zilijaa moja baada ya nyingine, na ndani ya choo Jicho likabaki na maji kidogo sana. Wanaume walitoka mmoja mmoja kuulizia kulikoni. Mwenyekiti wa kijiji alisimama mbele ya ile koki mpya, akauliza imewekwa kwa amri ya nani. Mama Semeni alimkabidhi ndoo iliyojaa, na kwa kuwa ilikuwa nzito na ameishika tayari, ikabidi aulize aipeleke kwa nani.

Jioni Fundi Mkwachu alijaza fomu ya makabidhiano. Penye swali la kasoro zilizoonekana, alitafakari, akaandika: hakuna. Ilikuwa fomu ya kwanza kufika wizarani bila kasoro hata moja, na Bwana Lugendo, kwa furaha, aliagiza vyoo vyote vilivyobaki nchini vijengwe kwa mfano wa Kisangulo, tundu la ukutani na koki yake vikiwemo.